Jinsi ya kusoma barua za familia ya wakili Seward ukiwa na simu tu

Haya wakuu, watu watatu kwa nyakati tofauti wameniuliza nasomaje zile barua za Wamarekani wa karne ya 19 wakati mwandiko wenyewe ni kama kuku kakanyaga wino akapita juu ya karatasi, nikaona niandike mara moja tu, mwenye kutaka afuate na asiyetaka apite. Siyo mwanahistoria mimi. Nilianza kwa kusumbuliwa na usingizi, nikawa nasoma barua za watu wengine usiku kwa bando la usiku, sasa ni mwaka wa nne.

Nitatumia familia moja tu ndo tutaelewana. William Henry Seward, wakili wa mji mdogo wa Auburn, jimbo la New York. Wengi wanamjua kwa Alaska, yule waziri wa mambo ya nje aliyeinunua kutoka kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Sawa, lakini kabla ya hapo na katikati ya hapo alikuwa wakili mwenye ofisi, wateja, mke, watoto na mkwe mkali, na karatasi za hiyo nyumba nzima zilibaki kwenye familia mpaka mjukuu wake alipofariki mwaka 1951, leo ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Rochester. Za kifamilia wanaziweka mtandaoni kidogo kidogo, wanafunzi wakisaidiana na wazee wastaafu kuzinakili, tafuta kwa jina la Seward Family Digital Archive utaziona. Bure. Picha ya barua na maandishi yaliyochapwa. Kiingereza unachohitaji ni cha kawaida, kigumu ni mwandiko.

Hatua ya kwanza: chora ukoo kwenye karatasi kabla hujafungua barua hata moja

Usiruke hii. Mimi niliiruka nikapoteza mwezi mzima.

Shida ni majina. Seward mwenyewe ni William Henry, kijana wake wa mwisho wa kiume ni William Henry, mjukuu naye ni William Henry. Mke ni Frances Adeline, binti ni Frances Adeline. Ukiandika "William" kwenye kutafuta utaletewa ukoo mzima pamoja na mtumishi wao mmoja. Halafu nyumbani hakuna aliyemwita William, mke wake alimwita Henry, kwahiyo barua inayoanza "My dear Henry" ndo yake huyo huyo waziri. Binti ni Fanny. Kijana ni Will. Frederick ni Fred, Augustus ni Gus. Yaani ni kama kwetu tu, mtu ana jina la shule na jina la nyumbani, na barua zinaenda kwa jina la nyumbani.

Andika hivi upande wa kushoto wa daftari: Seward kazaliwa 1801, kaanza uwakili 1822, kafa 1872. Frances 1805 mpaka 1865. Watoto ni Augustus 1826, Frederick 1830, Cornelia 1836, William 1839, Fanny 1844. Cornelia alikufa kwa ndui akiwa bado mtoto mchanga, Januari 1837, na ukiwa na tarehe hiyo mezani utajua kwanini barua za mwezi huo zina sauti nyingine kabisa. Juu yao weka mzee mwenye nyumba, Jaji Elijah Miller, baba yake Frances. Seward alianza kazi kama mwenzake wa ofisi, akamuoa binti yake Oktoba 1824, na sharti la mzee lilikuwa binti yake haondoki, kwahiyo bwana harusi ndo alihamia ukweni. Kaa na hiyo picha kichwani. Gavana mzima wa New York, baadaye seneta, na anwani ya nyumbani kwake ni nyumba ya baba mkwe.

Pembeni kabisa weka Lazette, dada yake Frances, uzungushie duara mbili.

Hatua ya pili: usianze na wakili

Najua inasikika vibaya maana karatasi ni zake, ila nisikilize. Wakili anaandika akijua barua inaweza kusomwa na mtu mwingine, na mwanasiasa zaidi, kila mstari anaangalia nyuma yake. Halafu mwandiko wa Seward ni balaa, hata waliomfahamu walilalamika. Ukianza naye utakata tamaa siku ya pili na kesho yake utarudi kuangalia mpira.

Anza na Frances akimwandikia Lazette. Huyu mama alisoma kwenye shule ya wasichana ya Emma Willard kule Troy, mwandiko wake unasomeka, na kwa dada yake hajifichi. Anasema nani mgonjwa, nani kaja bila taarifa, mume kasema atarudi lini na hakurudi. Ukishasoma kama 20 hivi ndo unaenda kwa bwana mkubwa, na hapo utakuta tayari unajua anachojibu kabla hujamaliza kusoma.

Na jiulize kwanini barua zipo nyingi hivi. Barua inazaliwa pale mtu hayupo. Seward alikuwa Albany, makao makuu ya jimbo la New York, kwenye baraza la jimbo, kisha Albany tena akiwa gavana kuanzia 1839, kisha Washington kama seneta kuanzia 1849, na Frances Washington hakuipenda, afya yake nayo haikuwa nzuri, kwahiyo muda mwingi alibaki Auburn. Wangekaa pamoja tusingekuwa na kitu cha kusoma. Ndo maana kila ukikuta miezi mitatu bila barua usikimbilie kusema zimepotea, kwanza angalia, pengine walikuwa nyumba moja.

Kuna wakati mambo yanageuka, mke yuko safarini na mume ndo yuko nyumbani, na hapo ndo Seward anapendeza. Mwaka 1855 anamwandikia Frances kuhusu nyumba yao ilivyo, kwamba usiku wamefika abiria wawili wa ile njia ya siri ya watu waliotoroka utumwa, halafu mbwa wao, anaitwa Watch, akamrukia mmoja wao. Kutoka hapo anaingiza utani kuhusu mbwa na haki ya kupiga kura. Kuhifadhi watoro ilikuwa kosa la jinai chini ya sheria ya watumwa watoro ya 1850, mwandishi ni seneta na mwanasheria, na kaiweka kwenye barua ya posta kama mtu anayesema leo mvua imenyesha. Hotuba zake huipati hiyo.

Hatua ya tatu: angalia karatasi kabla ya maneno

Picha ikifunguka usianze kusoma. Rudisha zuumu uone karatasi nzima, pamoja na ule ukurasa wa mwisho ambao watu wengi wanauruka kwasababu una anwani tu.

Mpaka mwaka 1845 posta ya Marekani ilitoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Karatasi moja chini ya maili 30 senti 6, maili 150 mpaka 400 senti 18 na robo tatu, zaidi ya 400 senti 25, na ukiweka karatasi mbili unazidisha mara mbili. Bahasha nayo ilihesabiwa karatasi! Kwahiyo hakuna aliyetumia bahasha, walichukua karatasi moja kubwa, wakaikunja ikawa kurasa nne, wakaandika tatu na ya nne ikawa ndo bahasha yenyewe, wakaifunga kwa lakiri. Na mara nyingi anayelipa ni anayepokea, siyo anayetuma. Julai 1845 bei ikashuka, senti 5 kwa maili mpaka 300 na 10 ukizidi, stempu zikaja 1847, na 1851 ikawa senti 3 ukilipa kabla. Ukijua hivi unaweza kukadiria umri wa barua isiyo na mwaka kwa kutazama tu imekunjwaje na imeandikwa bei gani pale kwenye kona. Ila ukikuta neno Free na sahihi pembeni, hiyo ni haki ya wabunge na maseneta kutuma bila kulipa, iliendelea mpaka 1873.

Sasa angalia ukingo wa ukurasa wa tatu, katikati. Mara nyingi kuna tundu au pengo lenye umbo la sarafu. Hapo ndo lakiri ilipogandia, mpokeaji akafungua kwa haraka, karatasi ikachanika, na maneno mawili matatu yakaondoka. Usihangaike kuyabuni, tafuta upande wa pili, saa ingine kile kipande bado kimeganda chini ya lakiri na unaona nusu ya neno kinyumenyume. Mara ya kwanza nilipopata neno langu kwa njia hiyo niliamka nikatembea chumbani. Saa nane usiku.

Hatua ya nne: mwandiko

Kosa langu la aibu niliseme ili nyie msilirudie. Wiki mbili nzima nilikuwa namtafuta mtu anaitwa Mifs. Mifs kaja kunywa chai, Mifs fulani kaolewa, nikasema huyu mama yuko kila mahali. Kumbe ni Miss! Wakati ule s ya kwanza kati ya s mbili waliiandika ndefu inafanana na f, kwahiyo Congress inaonekana Congrefs na business inaonekana businefs. Ukilijua hilo tu umepiga hatua.

Mengine yanakuja kwa mazoea. Majina wanayakata: Wm ni William, Jas ni James, Chas ni Charles, Geo ni George, na Jno ni John, usiniulize kwanini. Tarehe nazo: "inst." ni mwezi huu huu, "ult." ni mwezi uliopita, "prox." ni mwezi ujao, kwahiyo mtu akisema kapata barua yako ya "5th ult." na anaandika Machi, ni ya tarehe 5 Februari. Na kuna salamu za kukariri za mwanzo na mwisho ambazo hazina habari yoyote, kama sisi tulivyokuwa tunaanza "mimi ni mzima hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu". Ukizikariri zinakusaidia, maana unajua mtu kaandika nini na unaziangalia tu kujifunza herufi zake. Chukua "Your obedient servant" ya mtu yeyote, hapo una y, b, d, t na v yake, tengeneza alfabeti ya mwandishi huyo kwenye daftari, ukikwama kwingine unarudi pale. Kila mwandishi na ukurasa wake.

Halafu kuna barua za msalaba, hizi ndo zinafukuza watu. Mtu kamaliza kurasa, karatasi ya pili ni pesa, basi anaigeuza ile ile robo mzunguko na kuandika tena juu ya mistari ya kwanza, mistari inapishana kama wavu wa dagaa. Ukiitazama nzima hutaona kitu. Fanya hivi: piga skrinishoti, zuumu mpaka skrini ibebe mistari minne tu, soma ile iliyolala na ulazimishe jicho lisione iliyosimama, ukimaliza ukurasa wote zungusha picha nyuzi 90 uanze upya. Soma kwa sauti. Sijui ni kwanini ila mdomo unakamata neno ambalo jicho limelikataa. Na angalia rangi, wino wa zamani ulikuwa na chuma ndani yake, unaanza mweusi unaishia kahawia, kwahiyo ukipandisha kontrasti ya picha na kuifanya nyeusi na nyeupe mara nyingi maandishi yanatoka.

Programu za kusoma mwandiko kama Transkribus zipo na zinasaidia, ila kagua kila mstari, maana zikikosea zinakosea kwa kujiamini.

Hatua ya tano: tarehe

Fupi hii. Barua za nyumbani mtu anaandika "Tuesday evening" basi, mwaka hana habari nao. Tafuta kalenda ya miaka ya zamani mtandaoni, na uwe na nanga yako. Yangu ni Ijumaa tarehe 14 Aprili 1865, Ijumaa Kuu, usiku aliopigwa risasi Rais Lincoln, na usiku huo huo mtu anaitwa Lewis Powell akaingia nyumbani kwa Seward Washington akijifanya kaleta dawa. Seward alikuwa kitandani, kaanguka kwenye gari la farasi siku tisa kabla, taya na mkono vimevunjika. Powell alimpasua Fred kichwa kwa kitako cha bastola, akamchoma baba visu usoni na shingoni, na Fanny, miaka 20, alikuwa chumbani. Fanny aliandika shajara tangu 1858 na tukio hilo kaliandika kwa kirefu. Seward na Fred walipona. Frances aliyekuja Washington kuuguza alikufa Juni mwaka huo huo, Fanny Oktoba 1866. Sasa ukikuta barua ya "Sunday" inayosema Rais alikuja akajilaza kitandani pembeni ya mgonjwa akamsimulia habari za Richmond, mji mkuu wa waasi wa Kusini uliokuwa umetoka kutekwa, unahesabu kurudi nyuma kutoka Ijumaa ile unapata tarehe 9, kazi imeisha.

Hatua ya sita: karatasi za ofisi

Hizi zinaonekana kavu, na kweli nyingi ni kavu, madeni na mashamba. Lakini jifunze kuzitambua. Karatasi ya ofisi inakunjwa ikawa ndefu nyembamba, inafungwa kwa utepe na wenzake, na mgongoni karani anaandika majina ya kesi, ni karatasi gani na tarehe. Soma mgongo kwanza. Barua zilizopokelewa nazo zina jina la mtumaji pale na saa ingine "ansd" na tarehe, maana yake alijibu, kwahiyo sasa una barua nyingine ya kutafuta.

Ukiona majina mawili na "vs" katikati, wa kwanza ndo kashtaki. Ukiona "ads" yamegeuzwa, wa kwanza ndo kashtakiwa, ni mtindo wa wakili wa upande wa utetezi. "SS" pembeni ya jina la kaunti juu ya hati ya kiapo ni mazoea tu, hazina kesi ndani. "L.S." ndani ya kiduara ni mahali pa muhuri. Karatasi nyembamba kama ya maandazi, wino umepooza, ni nakala iliyogandamizwa kwenye mashine ya ofisi, hizo wakati mwingine unazisoma vizuri ukizigeuza picha kama kioo.

Za kutafuta makusudi ni za William Freeman, 1846. Kijana mweusi wa Auburn, alifungwa miaka mitano kwa wizi wa farasi ambao alisema hakuufanya, gerezani akapigwa kichwani, akatoka akiwa siyo yule tena, na Machi 1846 akaua watu wanne wa familia moja, Van Nest. Mji ulitaka kumnyonga pale pale. Seward akasimama kumtetea bila malipo kwa hoja kwamba hana akili timamu, upande wa mashtaka yuko John Van Buren, mtoto wa rais mstaafu. Freeman akahukumiwa, mahakama ya juu ikaamuru kesi isikilizwe upya, akafia gerezani Agosti 1847 kabla haijaanza. Hotuba ya Seward imechapishwa mara nyingi, kila mtu anaisifu, sawa. Lakini soma barua za nyumbani za miezi ile: mume anaenda mahakamani, mke na watoto wanabaki kwenye mji uliojaa hasira, madirisha ya nyumba yanaangalia barabara.

Hatua ya saba: nani hayumo

Frederick alichapisha barua za baba yake, kitabu cha kwanza 1877, vingine 1891. Alichagua. Ukiwa na muda linganisha barua ya asili na ilivyotoka kitabuni, utaona nyumba inasafishwa kabla ya wageni kuingia.

Na wapo ambao hawakuandika kabisa. Harriet Tubman, yule mama aliyetoroka utumwa akarudi kuwatorosha wengine, alinunua nyumba na kiwanja pembeni mwa Auburn kutoka kwa akina Seward mwaka 1859, dola 1,200, mali iliyotoka kwa Jaji Miller kwenda kwa Frances. Tubman hakujua kusoma wala kuandika, kwahiyo ukitafuta barua yake kwa mkono wake hutaipata, utampata kwenye hati, kwenye malipo, kwenye mstari mmoja wa mtu mwingine. Weka orodha ya pembeni ya watu wa namna hii, wapishi, watumishi, wateja, na kila ukikutana na jina andika tarehe na barua uliyoliona. Ya kwangu imefika kurasa 11 na ndo kitu pekee nilichofanya ambacho sijakiona kwa mtu mwingine.

Hatua ya nane: kunakili

Andika kama ilivyo. Kosa la tahajia liache, mstari ukikatika kata, neno usilolijua weka mabano ya mraba na alama ya kuuliza, usijaze kwa kubahatisha maana kesho utasahau kwamba ulibahatisha. Jina la faili anza na mwaka, mwezi, tarehe, ndo zitajipanga zenyewe: 1846-07-01 Frances kwa Lazette, hivyo. Kuhusu hakimiliki usiogope, barua ambazo hazijachapishwa Marekani zinalindwa miaka 70 baada ya mwandishi kufa, hawa wamekufa zamani, ila taja maktaba uliyozitoa, ni adabu tu.

Kama unataka mazoezi na mtu wa kukukagua, Maktaba ya Bunge la Marekani ina mradi unaitwa By the People, umeanza 2018 na barua alizoandikiwa Lincoln, naye wakili. Unanakili ukurasa, mtu mwingine anaupitia, ukikosea "Mifs" atakurekebisha.

Picha zao ni nzito lakini, zile za ubora wa juu zinakula bando kama hazina akili. Zishushe usiku, soma asubuhi.